Barafu Niliyomletea Bibi

Sisi tuliokulia Makambako wakati stendi bado ni vumbi tupu, na malori ya Songea, Mbeya na Dar es Salaam yanalala yamepangana kando ya barabara, likizo ya Juni tuliijua kwa upepo. Upepo ule ulikuwa unakupokonya daftari mkononi. Nguo za kuanika tulizifunga fundo kwenye kamba, na bado ungelikuta shati lako kwa jirani wa tatu, mwanawe keshalivaa, na mama yake anakuuliza una hakika gani kuwa ni lako. Tulishinda tumeegemea ukuta upande wa jua, tunatafuna mahindi ya kuchoma, midomo imepasuka, miguu imepauka kama tumepakwa chokaa.

Kambi tulizijua mbili tu, ya wanajeshi na ya wajenzi wa barabara. Kwa hiyo Baba aliposema nitakwenda kambi ya sayansi, siku kumi, kwenye misheni moja karibu na Njombe, nilijua nimekosa kitu na ninaadhibiwa. Nilikuwa na miaka minane, darasa la pili. Baba alikuwa dereva wa lori, na safari zake nyingi zilikuwa za kupeleka saruji na mabati huko misheni. Mtawa mmoja aliyeitwa Sista Imelda alikuwa amemwambia anakusanya watoto wadogo wakati wa likizo, awafundishe sayansi kwa mikono, si kwa kukariri. Baba akamwambia anaye mmoja.

Nililia siku mbili. Sikuwahi kulala mbali na Bibi hata usiku mmoja. Mama yangu alifariki sijajua kutembea, na Bibi, mama yake mzazi, alipanda basi kutoka Muheza kuja kunilea. Alikuja na mkeka, chetezo cha kufukizia udi na mbuzi ya kukunia nazi. Nazi zenyewe aliletewa na madereva rafiki zake Baba, waliompa heshima kama mama yao. Nyumba yetu ilikuwa pekee mtaani iliyonukia udi na tui, na mimi nilikuwa mtoto pekee niliyejua kula wali wa nazi katika mji wa ugali na viazi.

Aliyenifanya ninyamaze ni Bibi mwenyewe. Baba alikuwa anajaribu kunibembeleza, akasema huko Njombe nitaona maji yanaganda nje asubuhi, kwenye majani, sakitu nyeupe kama chumvi.

"Maji yagande yenyewe?" Bibi akadakia. "Hayana mashine, hayana umeme? Weye baba Rukia, mtoto analia nawe unamwongezea uongo?"

"Kweli, Mama. Yanaganda."

"Huo kauzie stendi. Miye mtu wa pwani, barafu naijua ya dukani, ya kwenye friji." Kisha akanigeukia mimi. "Haya mjukuu wangu, nenda weye ukayaangalie. Na kama ni kweli, niletee. Nikiiona barafu isiyo na mashine kwa macho yangu haya mawili, nitakupikia wali wa nazi siku saba mfululizo."

Nikafuta machozi palepale. Nilikwenda Njombe nikiwa na kazi moja tu kichwani.

Tulipoingia mjini Baba alinionyesha mtaa akasema hapa panaitwa Ramadhani. Nilishangaa kuona watu wanakula mchana peupe kwenye mtaa wenye jina lile, wala hawaoni haya. Baba alicheka mpaka akapunguza mwendo. Alinishusha misheni, akaongea na Sista, akaniambia nikaangalie sungura walioko nyuma ya jiko. Niliporudi lori halikuwepo.

Tulikuwa watoto kumi na tisa. Kumi na wanane walitoka vijiji vya jirani, watoto wa wakulima wa Kikatoliki waliojuana tangu ubatizo. Darasani waliongea Kiswahili kwa sababu Sista alitaka hivyo. Tukitoka nje tu, Kibena kinaanza, na mimi nabaki naangalia midomo yao. Nilijifunza neno moja siku ya kwanza, "kamwene", la salamu, nikalitumia kwa kila mtu mpaka likaisha ladha. Kazi zote zilifanywa wawili wawili. Kumi na tisa hawagawanyiki kwa mbili, na nadhani mnajua nani alibaki.

"Rukia atafanya na mimi," Sista alisema, lakini Sista alikuwa na jozi tisa za kuzungukia, kwa hiyo nilifanya peke yangu. Mpishi naye, mama mmoja mnene mwenye huruma, aliambiwa mimi ni Mwislamu, basi akaninunulia sahani yangu, ya bati, yenye ukingo wa buluu, isichanganyike na nyingine. Alifanya kwa wema kabisa. Aliiweka mwisho wa meza, mbali na zote.

Darasa letu lilikuwa karakana ya zamani ya useremala. Upande mmoja fundi bado alikuwa anaranda mbao za msindano, upande wa pili sisi na makopo yetu. Sista Imelda alikuwa mfupi, mwenye viatu vya mpira na sweta juu ya vazi lake la kitawa, na mfukoni hakosi sumaku aliyoichomoa kwenye spika ya redio mbovu. Tulitengeneza simu za makopo na uzi, tukaongea kutoka kanisani hadi zizini. Tulipitisha maji kutoka ndoo ya juu kwenda ya chini kwa mpira wa dripu, na aliyevuta sana akayameza. Tulizima mshumaa kwa kuufunika glasi, tukahesabu kwa sauti mpaka unakufa. Alituletea jiwe jeusi la makaa kutoka kwao Ludewa, akalichoma, na sisi tuliozoea mkaa wa miti tukabishana nusu siku iwapo jiwe lina haki ya kuwaka.

Ukimuuliza kwa nini, hakujibu. "Usiniulize mimi," alisema. "Kiulize chenyewe kiko hapo mbele yako." Walimu wetu wa shule wangekuchapa kwa kutojua, huyu alikaa chini kwenye maranda, magoti yamekunjwa, akasubiri pamoja na wewe.

Sakitu niliiona asubuhi ya tatu. Uwanja wote ulikuwa mweupe, na majani yalikuwa yanalia chini ya viatu kama mtu anayetafuna bisi. Wenzangu walipita juu yake bila kuangalia, kama mimi nilivyopita vumbi la stendi. Niliichota nikaiweka kwenye kopo. Nilipofika mlangoni imekuwa maji.

Siku hiyo nilielewa kwamba kuiona barafu ni rahisi. Shida ni kuifikisha. Kutoka misheni hadi nyumbani ni mwendo wa saa kadhaa kwa lori, na barafu yangu haikuweza kufika hata jikoni. Mapumziko yote nilikwenda kukaa nyuma ya karakana, mahali fundi anapomwaga maranda, nikawa nafikiria na kuchokoa chini kwa kidole cha mguu. Wengine walikuwa wanacheza rede, wanahesabiana kwa Kibena. Jua lilikuwa limeshapanda sana, sakitu ya uwanjani ilishasahaulika. Kidole changu kikagusa kitu kigumu, cha baridi. Nilifukua. Chini ya maranda yaliyomwagwa asubuhi kulikuwa na kidimbwi kidogo, na maji yake bado yameganda, mazima kama kioo.

Sikumwambia mtu. Nilimwambia Sista tu.

Hakunisifu. Alichuchumaa akaigusa, akaifunika tena maranda, akaangalia jua. "Tutaona jioni," alisema. Jioni tukafukua wawili sisi. Ilikuwepo.

Siku iliyofuata aliwageuzia wote swali hilo: nani atahifadhi kipande cha barafu mpaka saa kumi? Jozi moja ikaiweka kwenye ndoo ya maji ya bomba, kwa kuwa ndiyo maji ya baridi kuliko yote, na ikaisha kabla ya uji. Jozi nyingine iliipepea kwa zamu, mkono kwa mkono, mpaka ikayeyuka yote. Mimi niliitia kwenye kopo la samli, kopo nikaliweka ndani ya debe, nikashindilia maranda pande zote, kisha nikaanza kulifunga debe kwa blanketi langu.

"Haa! Blanketi!" Huyo ni Desderia, msichana mrefu aliyekuwa na sauti ya kuitia ng'ombe. "Wa Makambako anaipasha barafu moto! Ungeipikia na chai basi!"

"Mwacheni," mwingine akasema, "kwao kuna upepo, akili zimepeperuka."

Walicheka wote. Saa kumi barafu iliyobaki ilikuwa moja. Desderia aliligeuzageuza kopo langu, akalinusa, akaingiza mkono ndani ya blanketi kutafuta hila.

"Blanketi lako lina dawa gani?"

"Halina dawa. Blanketi halina moto wake. Moto ni wa kwako ukilala ndani. Barafu haina moto, kwa hiyo..."

"Kwa hiyo blanketi linazuia tu," akamalizia yeye, taratibu, kama mtu aliyekuta mlango ambao hakuujua ndani ya nyumba yao. Halafu akarudi kwa wenzake, Kibena kikaendelea. Lakini siku zilizobaki hakuna aliyenitania.

Siku ya kufunga kambi tulitega maji jioni kwenye makarai, na asubuhi ya kuondoka Sista alinivunjia barafu ya makarai yote, akaishindilia ikawa donge moja la unene wa matofali mawili. Alinisaidia kupakia debe. Nilikuwa nimemweleza habari za Bibi, na nakumbuka alisita kidogo, akasema, "Mungu akufikishe salama, Rukia." Nilidhani anaiombea barafu.

Baba hakuja. Alikuja Mjomba Kassimu, dereva mwenzake, na lori la mbao. Njia nzima nililikumbatia debe. Mjomba Kassimu, ambaye kwa kawaida hanyamazi kuanzia anapowasha injini, siku hiyo alinyamaza. Alisimama akaninunulia viazi vya kukaanga, akanipa na vyake. Kila nilipomwambia jinsi Bibi atakavyoshindwa alisema, "Kula kwanza, mwanangu. Kula." Mimi nikahesabu hiyo kuwa ni heshima kwa sayansi.

Nyumbani niliingia napiga kelele tangu uani. "Bibi! Njoo uone! Usiseme ya dukani, nimeitoa mwenyewe kwenye karai!"

Aliyetoka ni Mama Siwema, jirani yetu. Nikapita ubavuni mwake na debe langu. Chumbani mkeka haukuwepo. Nikasema labda ameutoa juani. Nikaenda jikoni. Pale ilipokuwa inakaa mbuzi ya kukunia nazi, nyuma ya mlango, palikuwa na ukuta tu, na duara safi sakafuni pasipo na vumbi. Hapo nikajua. Mtu hapeleki mbuzi ya nazi juani.

"Bibi yako amesafiri," Mama Siwema alisema. "Kwenda kusalimia."

"Anarudi lini?"

"Atarudi, mwanangu. Mtu anayesalimia si anarudi?"

Wasomaji wa umri wangu hamhitaji kuelezwa. Watu wazima wa wakati wetu hawakumuaga mtoto. Walimtoroka. Mama anakwenda safari, anakuambia kamwangalie yule kuku kama ametaga. Ukigeuka na yai mkononi, mama hayupo. Walisema mtoto akiagwa atalia, na kilio cha nyuma kinaharibu safari. Nilikuwa nimetorokwa mara nyingi kama mtoto mwingine yeyote, kwa kuku, kwa pipi, kwa sungura. Mara hii nilitorokwa kwa siku kumi za sayansi.

Lakini siku ile sikuelewa hivyo. Nilielewa tu kuwa Bibi amekwenda kusalimia na atarudi, na kwamba nina barafu ya kumwonyesha. Hesabu ilikuwa nyepesi: barafu isiishe kabla hajarudi. Sikumfungulia mtu mwingine debe. Nililiweka uvunguni, upande wa ukuta usiopigwa jua. Nilikwenda kwa mafundi seremala wa karibu na stendi kuomba maranda makavu, kwa sababu nilishagundua yakilowa hayafai. Wakaniuliza unafugia kuku? Nikasema ndiyo. Usiku huo niliomba nilale na kanga mbili, blanketi nikaliacha kwenye debe. Baba aliporudi kutoka safari alinikuta nimepiga magoti uvunguni nabadilisha maranda. Alisimama mlangoni muda mrefu. Alikwenda akaniletea gunia.

Kesho yake alasiri barafu ilikuwa imebaki kama kiganja changu. Kesho kutwa asubuhi ilikuwa kama ndimu. Nilitia maranda mapya, nikakaa barazani nikiangalia njia. Kila mwanamke aliyejifunga kanga kichwani kwa ajili ya upepo alikuwa Bibi mpaka afike karibu. Nilipofukua mara ya mwisho hapakuwa na kitu cha kukitoa. Maranda ya chini tu ndiyo yaliyokuwa yamelowa, na yalikuwa baridi bado. Niliweka mkono humo mpaka ubaridi ukaisha.

Bibi hakurudi. Kifua chake kilikuwa kimeshindwa na baridi yetu, na wajomba zangu wa Muheza walikuja kumchukua, mimi nikiwa napitisha maji kwenye mpira wa dripu. Alifariki Muheza, masika ya mwaka uliofuata. Hilo pia niliambiwa limeshapita.

Miaka mingi nilimkasirikia Baba kimyakimya. Nilipokuwa mtu mzima, naye ameshaacha udereva, nilimkalisha nikamuuliza kama mtu anayechukua maelezo: nani aliamua, lini, na kwa nini sikuambiwa.

"Aliamua mwenyewe, Bibi yako," Baba alisema. "Wajomba zako walitaka kuja Mei. Akasema hapana, mtafutieni kwanza mtoto pa kwenda. Miye, akasema, siwezi kumuaga yule, nikimuaga sitapanda gari."

"Ndiyo maana akanitania kwa barafu."

Baba akaniangalia kwa mshangao wa kweli. "Barafu? Kwani hujui? Bibi yako alifikia Njombe, si hapa. Tulikuwa tumepanga chumba kule mtaa wa Ramadhani, wewe mchanga. Mwaka mzima. Sakitu aliijua kuliko mimi. Nepi zako alizianua asubuhi zimekakamaa, anazigonga ukutani, anasema baba Rukia, njoo uone, mwanao ana nepi za ng'onda, kavu kama samaki wa kuanikwa."

Kwa hiyo alijua. Nilibeba donge lile kutoka Njombe kumpelekea mtu aliyeliona kabla yangu, aliyejifanya hajui ili nikubali kuondoka nikiwa nimefuta machozi. Sijui mpaka leo kama alitaka kweli nije nalo. Sijui kama njiani, basi likiteremka kuelekea kwenye joto la kwao, alifikiri kuhusu siku saba za wali alizoniahidi. Sista Imelda alitufundisha kuuliza kitu chenyewe, lakini hiki hakina pa kuulizwa.

Siku hizi kambi za sayansi ni jambo la kawaida. Juni iliyopita nilimpeleka binti yangu, Salma, kwenye moja hukohuko Njombe. Kila mtoto ana fulana yenye jina lake mgongoni na sanduku la plastiki lenye vifaa vilivyokwisha kukatwa na kupimwa, hata uzi. Hakuna anayemeza maji ya dripu. Barafu wanaitoa kwenye friji, imekatwa vipande sawasawa. Sakitu wanaipiga picha. Wazazi tumeungwa kwenye kundi la simu, na kabla hatujatoka getini mtu alishauliza, "Mwanangu amekunywa chai?" Akajibiwa kwa picha ya mtoto na kikombe. Akauliza tena, "Mbona sioni maandazi?"

Mimi nilikuwa nimejiapiza tangu zamani kwamba sitamtoroka mwanangu. Nilichuchumaa mbele yake, nikamshika mabega. Nikamwambia ninarudi Makambako leo kwa babu yake, kesho Dodoma kazini, nitampigia kila jioni saa kumi na mbili, na Ijumaa ya wiki ijayo nitakuwa hapahapa, chini ya mti huu. Nikamuuliza kama ameelewa, na kama ana neno.

"Mama, umeniambia mara tatu," alisema. "Naomba niende, wenzangu wameshagawana wawili wawili."

Akanibusu haraka shavuni, akakimbia. Msichana mmoja alikuwa anampungia mkono kutoka mlangoni, wakaingia pamoja, na hakugeuka. Nilifurahi. Ndicho nilichokitaka. Niliingia kwenye gari, nikashika usukani, sikuweza kuwasha. Wenzangu waliondoka mmoja mmoja, vumbi likatua.

Mlinzi alikuja akagonga kioo. "Kamwene, mama. Gari limekataa?"

"Hapana, baba. Gari ni zima."

"Umesahau kumuaga mtoto? Nikuitie?"

Nikamwambia asimwite, nimeshamuaga.